Mbaazi, korosho na shingo ya chupa

Mdogo wangu alikuwa na chupa ya soda ya kioo aliyoitunza chini ya kitanda, pamoja na bakuli la mbaazi kavu na korosho 15 zilizobanguliwa. Mtu akimuuliza anaumwa nini, hakuanza na maneno. Aliingia chumbani, akatoka na vitu vyake, akakaa mkekani. Kwanza alijaza mbaazi kwenye chupa, akaigeuza juu chini, zikamwagika zote kwa mkupuo. "Hizi ni chembe za damu yako wewe," alisema. Kisha aliingiza korosho, moja moja, akaigeuza tena. Zilitoka mbili, labda tatu, halafu nyingine zikalaliana kwenye shingo ya chupa na kuziba. Alikuwa akiitikisa taratibu, mtu aone kwamba hazitoki. "Na hizi ni za kwangu. Hapo zilipokwama ndipo panapouma."

Wataalamu wameuita ugonjwa huo selimundu, kwa kuwa chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya duara na laini, inajikunja na kukakamaa kama mundu. Yeye alisema kwetu Newala mundu haujulikani sana, ila hakuna mtoto asiyejua korosho ilivyojipinda. Alilianzisha somo hilo akiwa darasa la tano, kwa akili yake mwenyewe, na alilifundisha kwa watoto wenzake, kwa walimu, kwa mjomba, na kwa bibi mmoja jirani aliyekuwa akiwakataza wajukuu zake kula naye sahani moja. Bibi yule alitazama chupa kwa muda mrefu. Kesho yake wale wajukuu walikuja kwetu kula.

Alizaliwa mwaka 1997, mimi nikiwa na miaka sita. Alifariki Julai 2019, akiwa na miaka 22. Nimekuwa nikiahirisha kuandika habari zake kwa sababu kila nikianza naishia kuandika habari za ugonjwa, na yeye hakuwa ugonjwa. Lakini nimegundua siwezi kuvitenganisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya utu wake niliiona pale alipokuwa anaumwa, na kosa langu kubwa kwake nililifanya hapohapo.

Alipokuwa na miezi saba hivi, mikono na miguu yake ilivimba. Nyuma ya viganja palituna, vidole vikawa vinene na vya moto, akalia usiku kucha na hakutaka kuguswa. Bibi alisema ni mdudu. Jirani alisema ni mchango. Mama hakusema kitu, kwa kuwa kabla yangu alikuwa amezaa mtoto wa kike aliyevimba vivyo hivyo, akawa na macho ya njano, kisha akafariki kwa homa kabla ya kutimiza miaka miwili. Huyo waliandika mioyoni mwao kwamba kafa kwa degedege. Siku hizi ninajua kwamba kuvimba kwa mikono na miguu ya mtoto mchanga mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya selimundu, na naitaja kila ninapokuta mama mwenye mtoto mdogo, hata kwenye gari. Wengine wananishangaa. Acha wanishangae.

Miaka mitano tulizunguka naye. Kuna chale alizochanjwa kifuani, kuna hirizi aliyovalishwa kiunoni, kuna shetani aliyetajwa kwa jina na kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Siwalaumu wazee wangu. Walikuwa wanatafuta. Ila katika kutafuta huko maneno yalianza kumwelemea mama: kwamba damu ya kwao ni mbovu, kwamba amekuja na kitu. Mwaka 2002 tulishuka Masasi, tukaenda hadi Ndanda, kwenye ile hospitali ya misheni iliyo chini ya miinuko. Mimi nilikwenda kumbeba. Wakamtoa damu, wakatoa ya mama na ya baba, tukaambiwa tusubiri.

Daktari aliwaita wote wawili, akawaeleza kwamba mtoto harithi ugonjwa huu kwa mzazi mmoja. Kila mtu ana vinasaba viwili vya kutengeneza ile protini ya damu, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Mama alikuwa na kimoja kizima na kimoja chenye hitilafu. Baba naye hivyohivyo. Mwenye hitilafu moja tu haumwi, anaishi maisha yake bila kujua. Wawili wa namna hiyo wakikutana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapata hitilafu kutoka pande zote mbili. Na haihesabiwi kwa zamu, kwamba mmoja akiumwa watatu wanaofuata wamepona. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Baba ni mtu wa maneno machache. Tulipofika nyumbani bibi, mama yake mzazi, alikuwa barazani na wanawake wengine wanne wakichambua mchele. Akauliza, "Haya, wamesema nini?" Baba alivua kofia. Akasema, "Mama, nusu ya ugonjwa wa huyu mtoto ni yangu mimi. Imetoka kwangu. Nimeonyeshwa kwenye karatasi." Kisha akaenda kuoga. Hakulirudia tena, na tangu siku hiyo sikusikia mtu akimsema mama.

Maisha yetu baada ya Ndanda yaliongozwa na maji na baridi. Tuliambiwa mtoto anywe maji mengi kila siku, asikae na kiu, kwa kuwa damu ikipungukiwa maji chembe zinajikunja zaidi. Anayeijua Newala ya miaka ile ataelewa maana ya agizo hilo. Uwanda wa Makonde uko juu, ardhi ni ya kichanga, maji ya mvua yanazama kwenda chini kabisa. Mabomba ya mradi wa Makonde yalisukuma maji kutoka bondeni Mitema, na pampu ikiharibika tulikuwa tunakaa wiki, wakati mwingine zaidi. Nyumba zenye uwezo zilichimba visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Sisi tulikuwa na mapipa mawili. Mama alitenga ndoo moja yenye mfuniko, akaifunga kitambaa chekundu mkononi. Ndoo ile ilikuwa ya mdogo wangu. Hata kama hakuna maji ya kupikia, haiguswi. Nimewahi kwenda shule na sare ya wiki nzima bila kufuliwa huku ndoo ya lita 20 imejaa pale pembeni, na nilikuwa na hasira, nakiri. Yeye alijua nina hasira. Usiku aliniletea kikombe, akasema, "Dada, hiki nimekibakiza, nawa uso."

Baridi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Watu wa Dar es Salaam wakisikia Mtwara wanafikiria bahari na jua. Waje Newala mwezi wa saba, kipupwe, alfajiri ukungu umekaa juu ya mikorosho na upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma. Alipenda sana kwenda Shimo la Mungu, pale genge linapokatika ghafla na unaona hadi ng'ambo ya Msumbiji, lakini tulimruhusu mchana tu, tena kwenye jua, tena na sweta. Alilala na soksi. Mama alimpashia matofali motoni, akayafunga kwenye khanga kuukuu na kumwekea miguuni. Alimeza vidonge vya foliki vya kuongeza damu kila siku, akalala kwenye chandarua kila siku, kwa kuwa malaria kwa mwenye selimundu kamili si homa ya kuchukulia kawaida. Humaliza damu haraka. Na mwezi huo wa saba ndio watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi la njano linatanda kijiji kizima, na yeye alikohoa mpaka salfa ziishe.

Suala la jando lilileta ubishi. Mjomba ndiye mwenye sauti kwa mambo hayo kwetu, naye alitaka mpwa wake aingie porini na wenzake kama walivyoingia wote. Baba alikataa. Mwisho mjomba mwenyewe alikwenda kumuuliza muuguzi, akarudi akasema mtoto atatahiriwa hospitali na mafundisho yatamfuata nyumbani. Akaja jioni saba mfululizo. Walifunga mlango, sijui walifundishana nini. Mdogo wangu alitoka mle akiwa anatembea kwa namna nyingine.

Sasa nifike kwenye siku yangu.

Ilikuwa Oktoba 2011. Nilikuwa na miaka 20, nasubiri kwenda chuo cha ualimu, yeye ana miaka 14. Korosho zilikuwa zimeanguka kwa wingi, baba kaenda kwenye chama cha msingi cha ushirika kufuatilia magunia, mama kabaki na bibi mgonjwa. Tulikuwa wawili shambani. Kuokota korosho ni kazi ya kuinama: unaokota bibo, lile tunda la mkorosho, unanyonga korosho, unatupa bibo, unasogea. Jua lilikuwa kali. Saa nne hivi akakaa chini ya mti, akasema, "Dada, mgongo." Nikamwambia pumzika. Nikaendelea. Baada ya nusu saa nikamwona bado kakaa, ananyonya bibo, na uso wake ni wa kawaida kabisa. Halii. Hajikunji. Nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Wewe unadeka. Kazi ikianza ndipo mgongo unapouma. Jana mpira ulichezaje?"

Hakujibu. Aliinuka, akachukua ndoo yake, akaokota mpaka saa tisa. Hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi; chupa yetu ilikuwa imemwagika njiani na sikulifikiria hilo. Usiku saa mbili alianza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka mapajani, yakaingia kwenye mifupa ya miguu. Alikaa hospitali siku tisa na aliongezewa damu chupa mbili.

Nilimuuliza baadaye sana, akiwa mtu mzima, kwa nini uso wake ulikuwa wa kawaida. Akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua. Mtu anayeumwa mara moja kwa mwaka hukunja uso. Mtu anayeumwa kila mwezi tangu utotoni hujifunza kubaki na uso wake, kwa kuwa akikunja uso kila anapoumia, watu watachoka, na watakapochoka hawatakuwepo siku ile ya maumivu makubwa. Alikuwa anatutunzia nguvu zetu. Na mpira wa jana aliucheza kwa sababu jana hakuwa anaumwa. Ugonjwa huu unaweza kukuacha asubuhi ukicheka na kukulaza jioni.

Sikuwa peke yangu katika kutomwamini. Kuna usiku mmoja, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, tulifika naye saa saba akiwa amejikunja. Aliyetupokea alilitazama faili lake nene, akatazama idadi ya sindano za maumivu alizochomwa mwaka ule, akasema mbele yetu, "Huyu kashazoea sindano." Akampa Panadol mbili, tukakaa kwenye benchi hadi zamu ya asubuhi ilipobadilika. Mama alimfunika kwa khanga zake zote mbili, akabaki na gauni tu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 17.

Alipopona aliomba karatasi ngumu ya manila. Akaikata ukubwa wa kitambulisho, akaandika kwa kalamu ya wino mweusi kwa mwandiko wake mzuri: jina, tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, kiwango cha damu anachokuwa nacho siku akiwa mzima. Chini yake: "Nina selimundu. Nikija nikiwa na maumivu naomba dripu, naomba dawa ya maumivu mapema, naomba nipimwe wingi wa damu na malaria. Nikiwa na homa au kifua kinabana, tafadhali msinirudishe nyumbani." Akaenda stationari wakaipiga plastiki. Kadi ile ilimsaidia kuliko sisi wote. Wauguzi wengi waliisoma, wakamtazama upya, wakaanza kazi. Naandika hili kwa sababu inawezekana kuna mtu anasoma hapa mwenye mtoto au ndugu wa aina hii. Mtengenezee kadi. Kile kiwango cha damu cha siku za uzima kinamsaidia sana daktari kujua leo kimeshuka kiasi gani.

Akiwa na miaka 19 alipata rufaa ya Muhimbili na akaanzishiwa haidroksiyurea, dawa inayoufanya mwili utengeneze tena ile damu ya aina ya mtoto mchanga, isiyojikunja. Miaka miwili iliyofuata ndiyo ilikuwa miaka yake. Alimaliza kidato cha nne alichokuwa amekichelewa kwa kulazwa. Akaja kukaa kwangu Mikindani, ninakofundisha, kwa kuwa pwani kuna joto. Asubuhi alikwenda kutazama ngalawa zikirudi na pweza, mchana alitengeneza simu za watu kwenye kibanda cha rafiki yake. Akanenepa kidogo. Akapenda msichana. Akanilazimisha pia, mimi na mchumba wangu, twende tukapime damu kabla ya posa kujibiwa. Mimi niliona aibu kulisema jambo hilo kwa wakwe. Yeye aliwafuata na chupa yake, na mbaazi zake, na korosho zake, akawaonyesha barazani kwao. Majibu yalitoka kwamba mimi nimebeba hitilafu moja, mwenzangu hana. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kubeba kama mimi, lakini hawezi kuumwa kama mjomba wake.

Kila msimu wa korosho alirudi Newala, na huko ndiko alikopata jina ambalo watu wanamkumbuka nalo: Karani. Malipo ya korosho yalipohamia benki, wazee wengi walijikuta wana akaunti na simu ndogo za tochi, na hawaoni maandishi, au hawajui kusoma. Walimpelekea yeye. Alikuwa na utaratibu wake. Aliwaomba waliokaa karibu wasogee. Akaisoma meseji kwanza kimya, ili kama ni ya matapeli, zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii", amwambie mwenyewe na kuifuta. Kama ni ya benki, aliinama akamnong'oneza mzee kiasi sikioni, akakirudia mara mbili, taratibu. Basi. Alijua kila nyumba ina shilingi ngapi, na hata mimi dada yake sikuwahi kumtoa neno. Niliwahi kumtania, "Mzee fulani amepata nyingi?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

Msimu wa mwisho wake ulikuwa ule wa 2018, ambao huku kusini hatuusahau. Bei za mnada zilikataliwa, Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzibeba kutoka maghalani. Kabla ya malipo palikuwa na uhakiki, na pesa zikaingia kwa awamu, huyu leo, yule baada ya miezi. Wazee walikuja kwetu kila jioni. "Karani, tazama, haijaingia?" Alitazama. Alijua haijaingia, maana simu ya mzee huyo haikuwa imelia siku nzima, lakini aliifungua, akaisoma meseji ya mwisho, akasema, "Bado, babu. Kesho njoo." Mzee mmoja alikuja jioni 40 na zaidi. Hakuna jioni aliyoambiwa asisumbue.

Juni 2019 alikuwa kwangu. Mwanzoni mwa Julai akaniambia anapanda Newala wiki mbili, kuna wazee wanaitwa kusahihisha majina yao na hawana wa kwenda naye. Nikamwambia baridi. Akasema, "Najua, Dada, nimefunga masweta mawili." Nikamwambia salfa. Akasema atakaa ndani. Angeniomba ruhusa ningekataa, lakini hakuomba, alikuwa na miaka 22, na mimi niliona furaha yake ya kuhitajiwa. Nilimsindikiza stendi asubuhi. Amekaa dirishani, kavaa kofia ya sufu ya baba, kashika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nimejiuliza mara nyingi kama ningemzuia. Nikikaa na swali hilo kwa muda mrefu naliona linanipeleka pale pale shambani, chini ya ule mkorosho, nikimwambia yeye namna ya kuujua mwili wake. Nimeliacha.

Siku ya kumi akapata homa. Jioni kifua kikaanza kubana. Alijua maana yake, ndiye aliyemwambia mama, "Hii siyo ya kusubiri asubuhi." Walimpeleka, wakampokea vizuri, kadi yake ikasomwa, akawekewa oksijeni na damu. Daktari alisema ni mapafu. Zile chembe zimeziba huko. Aliongea na mimi kwa simu saa nne usiku, maneno machache, akiishiwa pumzi katikati: niangalie chini ya mto wake, kuna shilingi 18,000 za mteja aliyelipia simu ambayo haijatengenezwa, nimrudishie.

Saa kumi na moja alfajiri mjomba alipiga. Kwa desturi yetu hawakuambii. Alisema, "Mpwa wangu, njoo nyumbani." Nikajua. Nilipanda gari la kwanza. Nanyamba, Tandahimba, njia ile ninayoijua kila kona, na abiria wanaongea bei ya mbaazi. Alizikwa alasiri ya siku hiyohiyo. Wanawake hatukwenda makaburini; nilikaa chumbani na mama, tukasikia sauti za wanaume zikitoka na jeneza, zikisoma, zikififia kuelekea mikoroshoni. Baada ya hapo ulikuwepo ukimya mrefu, na mama akaichukua ile ndoo ya kitambaa chekundu, akaikumbatia, akakaa nayo.

Siku ya tatu nilifungua sanduku lake. Kulikuwa na madaftari manne ya kurasa 64. Tangu akiwa na miaka 12 aliandika kila siku ya maumivu: tarehe, hali ya hewa, alikunywa maji vikombe vingapi, alikula nini, maumivu yalianzia wapi, yalikwenda wapi, yaliisha lini. Kulikuwa na safu ya mwisho aliyoiita "Sababu". "Baridi." "Kiu." "Nililia sana msiba wa bibi." "Mtihani." "Malaria." Nilitafuta Oktoba 2011 mikono ikinitetemeka. Nilitaka kuona alichokiandika juu yangu, na nilistahili chochote. Niliikuta. Shamba. Jua kali. Maji: kikombe kimoja. Kiuno, mapaja, miguu. Siku tisa. Sababu: "Kiu. Dada alikuwa amechoka."

Hayo tu.

Nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kila mwaka darasani kuna anayesema anaumwa wakati wa usafi au wakati wa hesabu. Wengine wanadanganya, najua, mimi si mgeni wa watoto. Ninamwambia akae kivulini, ninampa maji, ninamgusa paji la uso, ninamuuliza panapouma. Walimu wenzangu wanasema ninachezewa. Katika miaka hiyo nimechezewa mara nyingi sana, na wawili kati ya niliowapeleka kupima wamekutwa na selimundu, mmoja akiwa darasa la pili na hakuna mtu nyumbani kwao aliyejua. Mama yake alikuja shuleni na kuku. Tulikaa ofisini nikamtolea chupa, mbaazi na korosho.

Mwaka 2023 nilisikia redioni kwamba hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye ugonjwa huu. Nilizima redio, nikatoka nje, nikatembea hadi ufukweni. Nilifurahi, Mungu shahidi. Na nilimlilia upya kama wa jana.

Arobaini yake ilisomwa nyumbani mwishoni mwa Agosti. Watu walikuwa wengi, na mstari wa wazee ulikuwa mrefu kuliko msiba wowote niliouona pale kijijini. Baada ya chakula mmoja wao aliniita barazani, yule wa jioni 40. Akaamkia yeye kwanza, jambo lililonishtua, nikampa shikamoo yake. Akauliza, "Wewe ndiye dada yake Karani?" Nikasema ndiye. Akatoa simu kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akaifungua taratibu. "Ililia juzi. Sikuwa na wa kumpa."

Nikaichukua. Ilikuwa ya benki. Pesa yake ilikuwa imeingia. Kwa furaha nikaanza kumsomea kwa sauti, "Babu, umepokea shilingi..." Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Yeye alikuwa ananong'ona," akasema.

Nikawaomba vijana waliokaa karibu wasogee. Nikainama sikioni kwake, nikamtajia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, taratibu.